Hatutii Saini Tusichokisoma
(Hotuba ya Mwenyekiti, Siku ya Miaka Kumi ya Kikundi, Nanganga)



Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kutufikisha leo. Tulianza wanawake kumi na wanane chini ya mwembe, na kisanduku cha bati chenye makufuli matatu, kila ufunguo na mtu wake. Hesabu za hisa na mikopo ameziandika Mweka Hazina katika kijitabu hiki, kwa hiyo hatutazirudia. Sisi tutajibu swali moja ambalo watu wanatuuliza njiani: ninyi wanawake wa darasa la saba, wengine mna wajukuu, Kiingereza mnakisomea nini?

Jamani, aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tuliumwa.

Mwaka wetu wa nne tulitaka mashine ya kubangua korosho, maana kubangua kwa mkono kunaunguza vidole na kunachelewesha. Alikuja muuzaji, akatuletea karatasi ya Kiingereza kitupu. Akasema, "Tieni saini hapa tu, mama zangu, ni utaratibu." Tukatia, tukatoa arbuni ya shilingi 600,000. Tukangoja miezi, mashine haikuja. Tulipodai fedha zetu tukaonyeshwa mstari mmoja mdogo chini kabisa: arbuni hairudishwi. Ikawa basi.

Tuseme kweli leo. Saini ilikuwa yetu. Na siku ile palikuwa na vijana watatu hapo jirani waliomaliza kidato cha nne. Hatukumwita hata mmoja atusomee. Tuliona haya watoto wajue kwamba viongozi wa kikundi hawaelewi walichoshika mkononi.

Baada ya hapo ndipo lilipoletwa shauri la kusoma. Halikupita kirahisi. Wengine walisema Kiingereza ni cha watoto, sisi jua limeshatuchwea. Bibi yetu mmoja akasimama akasema: "Mimi nilijifunza kusoma kwenye elimu ya watu wazima, mtoto mgongoni. Sikufa kwa aibu. Ninyi mtakufa?" Watu wakacheka, shauri likapita. Kila mmoja akachangia shilingi 500 kila kikao, tukamwomba mwalimu mstaafu atufundishe baada ya kuweka hisa.

Mwalimu hakuanza na salamu za Kiingereza. Alisema kila mtu alete karatasi zote za Kiingereza zilizo nyumbani kwake. Zikaletwa risiti, karatasi za benki, maboksi ya dawa, hata mfuko wa salfa ya mikorosho. Akasema Kiingereza cha kazi ndicho hiki, kimekaa ndani ya nyumba zenu siku zote.

Tukajifunza neno kwa neno. "Balance" tulidhani ni mizani tu, kumbe kwenye risiti ni baki. "Interest" wengine walikumbuka shuleni kuwa ni kupendezwa na kitu, kumbe kwenye mkopo ni riba! "Due" ni siku ya mwisho ya kulipa. Na sentensi ya kwanza tuliyoishika sote ilikuwa hii: "We will read it first," yaani tutaisoma kwanza.

Faida tuliiona hapa hapa njia panda, mabasi ya Masasi yanaposimama na barabara ya Ruangwa inapochepuka. Mteja mmoja aliuliza kama tuna W320. Zamani tungedhani anauliza namba ya gari. Sasa tunajua ni daraja la korosho nyeupe nzima, ambazo ratili moja ina punje 300 hadi 320. W240 ni punje 220 hadi 240. Namba ikipanda, punje ni ndogo zaidi, na bei inashuka. Tangu hapo tunachambua na kupima wenyewe, na anayetaka kununua W240 kwa bei ya W320 tunamwambia hapana, kwa adabu.

Mnunuzi mwingine alileta mkataba wa Kiingereza. Tukasema ile sentensi yetu. Tukausoma siku mbili, tukakuta mstari wa kulipwa baada ya siku tisini. Tukaomba ubadilishwe, yeye akaondoka. Biashara tuliikosa, lakini korosho zetu tulibaki nazo.

Ndugu zetu, msituelewe vibaya. Kiingereza kwetu si cheo, ni jembe. Hatujakidharau Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge letu lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, sembuse karatasi ya korosho! Kwa hiyo kanuni yetu ni hii. Kwanza tunaomba mkataba wa Kiswahili. Ukikosekana, unasomwa na watu wawili, mmoja awe kijana aliyesoma sekondari. Hakuna saini siku ile ile. Na asiyeelewa aseme sielewi, hatachekwa.

Mgeni Rasmi, ombi letu ni dogo: ubao, na kamusi tano za Kiingereza na Kiswahili. Darasa tunalo, na mabinti wa kijiji wanaotafuta kazi tunawakaribisha wakae nasi.

Mwisho, wapo wenzetu wawili waliojitoa kwa sababu ya ile arbuni. Mmoja alikuwa ameitegemea fedha ile kwa sare za shule. Walisema viongozi tumewapoteza, nasi tulikasirika. Leo, mbele ya watu, tunasema walikuwa na haki, na tunawaomba radhi. Nafasi zao kwenye mkeka zipo.

Umoja wetu udumu.