Mtoto Anapokwenda Mashindanoni: Mazungumzo na Akina Mama wa Watoto wa Jimnastiki

Ni mimi muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama una sufuria jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio, maana mazungumzo ya leo yamenikalia moyoni kwa muda mrefu.

Juzi alinijia mama mmoja kliniki. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na swali. Kikundi cha watoto wa mtaa wao hufanya jimnastiki katika ukumbi wa kijamii, juu ya magodoro ya kuazima. Mwalimu wao amekwenda likizo ya kujifungua, na mashindano makubwa yamebaki mwezi mmoja. Kwa kuwa mama huyu alikuwa akifanya sarakasi ujanani, wazazi wenzake wamemwambia, "Wewe ndiwe utakayewapeleka." Watoto ni tisa, mdogo ana miaka minane, mkubwa kumi na minne. Akaniuliza, "Sista, nianzie wapi?"

Nilimjibu, lakini nikajua si yeye peke yake anayehitaji jibu. Hata kama wewe hutasimama kando ya magodoro, ni wewe unayempikia mtoto na kumwamsha asubuhi.

Mama, jambo la kwanza nililomwambia ni hili: mwezi wa mwisho si wa kufundisha mtindo mpya. Mtoto ambaye hajaweza kupinduka hewani kufikia sasa, asilazimishwe kupinduka siku ya mashindano. Afanye kile anachokiweza akiwa amechoka, akiwa na baridi, na akiwa anatazamwa. Wiki ya mwisho punguza mazoezi. Wengi hufanya kinyume, wanaongeza saa kwa hofu, na watoto wanafika uwanjani wakiwa na maumivu ya viwiko na vifundo. Mwili wa mtoto hupata nguvu unapopumzika.

Wafundishe pia mambo madogo ambayo mtu husahau. Namna ya kuinua mikono na kumsalimu hakimu kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Namna ya kungoja zamu kwa saa nzima bila mwili kupoa, kwa kuvaa sweta na kutembeatembea. Namna ya kuanguka. Ndiyo, kuanguka hufundishwa. Mtoto ajue kukunja magoti anapotua na kutojikinga kwa mkono ulionyooka, maana hapo ndipo kiwiko na kifundo cha mkono huvunjika. Na ajue kwamba kuanguka si mwisho. Katika sheria za kimataifa anayeanguka hukatwa alama moja, kisha huinuka akaendelea. Alama moja si kitu cha kumlilia mtoto.

Sasa niwaeleze kisa changu mwenyewe.

Nilipokuwa muuguzi mchanga, shule moja iliniomba niandamane na watoto wao mashindanoni na sanduku la huduma ya kwanza. Jioni ya kuamkia siku yenyewe, msichana wa miaka kumi na miwili aliteguka kifundo cha mguu akijaribu kuruka. Kilivimba kidogo. Asubuhi alikuwa akichechemea lakini akitabasamu. "Sista, hauumi sana, nifunge tu." Mwalimu alikuwa ananitazama. Mama yake alikuwa amesafiri usiku kucha kwa basi kuja kumwona, ameketi pale mbele na leso yake mpya. Nikamfunga bandeji. Nikamwacha aruke. Mruko wa kwanza ukaenda sawa. Wa pili alipotua, hakuinuka.

Eksirei ilionyesha ufa kwenye ile sehemu laini ya mfupa ambako mtoto hukulia. Alikaa na plasta wiki sita. Mguu ulipona, namshukuru Mungu, lakini sehemu hiyo ikiharibika vibaya mfupa unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi kuliko mwenzake. Mama yake hakunilaumu. Alinishika mkono akanishukuru kwa kumpeleka mwanawe hospitali. Shukrani hiyo ndiyo inayoniuma hadi leo.

Baadaye nilisoma juu ya Kerri Strug wa Marekani. Mwaka wa 1996, katika Michezo ya Olimpiki ya Atlanta, akiwa na miaka kumi na minane, aliumia kifundo katika mruko wa kwanza, akaambiwa anaweza, akaruka tena, akatua kwa mguu mmoja. Dunia nzima ilimshangilia, na kocha wake akambeba mikononi. Lakini hesabu zilipofanywa, ilionekana kwamba timu yake ingeshinda hata bila mruko ule wa pili. Naye hakuweza kuendelea na mashindano yake binafsi. Picha ile ni nzuri sana. Mimi nikiitazama naona kifundo.

Basi, kwa mguu ulioteguka, fanya hivi. Mpumzishe mtoto, inua mguu juu ya mto, uweke barafu iliyofungwa kwenye kitambaa kwa dakika 15 hadi 20, rudia kila baada ya saa mbili au tatu. Kama barafu haipo, kitambaa cha maji baridi kinafaa. Nawasihi, siku mbili za kwanza msimkande kwa maji moto, wala msimpeleke kwa yule jirani anayejua kunyoosha mishipa. Najua nyanya zetu walikanda, lakini joto na kusugua huongeza uvimbe, na kama mfupa umevunjika mnauharibu zaidi. Mtoto asipoweza kukanyaga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wa kifundo akaruka kwa uchungu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo apigwe picha.

Na ukitaka kujua kama amepona kiasi cha kurudi mchezoni, mwambie aruke kwa mguu ule mmoja mara kumi, kisha mguu mwingine mara kumi. Kama inafanana na hakuna uso wa maumivu, mruhusu kurudi polepole. Kama anakunja uso, bado. Usimpe dawa ya maumivu ili aweze kushindana. Maumivu ndiyo lugha ya mguu, ukiyanyamazisha utajuaje? Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Kichwa ni jambo jingine. Mtoto akianguka kwa kichwa au kupigwa kichwani, kisha akaonekana ameduwaa, akalalamika kizunguzungu, akataka kutapika au akauliza swali lile lile mara mbili, siku hiyo mchezo umekwisha kwake. Hata akisema ni mzima baada ya dakika kumi. Akitapika tena na tena, akisinzia isivyo kawaida, akishikwa na degedege au maumivu ya kichwa yakizidi, ni hospitali upesi. Akilalamika shingo, au asihisi miguu, usimwinue. Mwache alivyo, mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike, wengine waite msaada.

Nije kwenye chakula. Mashindano si siku ya kumwonjesha mtoto vitu vipya. Mpe alichozoea. Usiku wa kuamkia, ugali au wali na mboga na yai au ndengu. Githeri ni chakula kizuri, ila maharagwe humjaza mtoto gesi, na kupinduka na tumbo lenye gesi si raha, kwa hiyo kipike siku nyingine. Asubuhi, saa tatu hivi kabla ya kuanza, uji wa wimbi, kiazi kitamu au mkate na yai. Ikibaki saa moja, ndizi mbivu inatosha. Mandazi yenye mafuta na soda viwe vya kusherehekea baadaye. Maji, anywe kidogo kidogo tangu asubuhi, asingoje kiu. Mwambie atazame mkojo wake: ukiwa mweupe kidogo yuko sawa, ukiwa wa rangi ya chai anahitaji maji.

Tukiwa kwenye chakula, kuna maneno ambayo naomba yasisikike kinywani mwako wala mwa mwalimu. "Umenenepa." "Utaturuka vipi na mwili huo?" Wasichana wa jimnastiki huyashika maneno hayo wakaanza kujinyima chakula kimyakimya. Mwanajimnastiki wa Marekani, Christy Henrich, alikufa mwaka wa 1994 akiwa na miaka 22 tu, kwa ugonjwa wa kujinyima chakula. Usiwapime watoto uzito mbele ya wenzao. Ukiona binti yako anasukuma sahani, anavaa nguo kubwa kuficha mwili, au hedhi yake imekatika miezi mitatu, mlete kliniki. Aliyefika miaka kumi na mitano bila kuona hedhi, mlete vilevile, hata kama watu wanasema ni mazoezi.

Na yule anayekula udongo, au yale mawe laini ya sokoni, usimcheke wala usimchape. Mara nyingi damu yake imepungua. Mtoto mwenye upungufu wa damu huchoka upesi na huanguka ovyo. Mpe nyama au maini ukiweza, omena, ndengu, mboga za majani na chungwa kando, na chai aikose wakati wa kula, maana chai huzuia mwili kupata madini ya damu. Kisha apimwe.

Mwenye pumu asafiri na dawa yake ya kuvuta mfukoni mwake, isiwe kwenye begi lililofungwa chini ya basi. Mwenye selimundu aulizwe kliniki yake kwanza kabla ya kujiunga na mazoezi makali. Baridi na kukosa maji vinaweza kumletea maumivu makali.

Kuna hofu pia. Mwaka wa 2021 kule Tokyo, Simone Biles, bingwa wa dunia mara nyingi, aliacha mashindano ya timu katikati. Mwili wake ulikuwa haujui uko wapi hewani. Watu walimsema sana. Yeye alitulia, akarudi siku chache baadaye akapata shaba kwenye boriti, na mwaka wa 2024 kule Paris, akiwa na miaka 27, akashinda dhahabu tatu. Basi mtoto wako akikwambia, "Mama, leo siwezi kupinduka," usimwite mwoga. Muulize anaogopa nini. Mara nyingine ni hofu ya kawaida, atavuta pumzi mara tano na kwenda. Mara nyingine amejua jambo ambalo wewe hulioni. Na mkitaka mfano wa karibu, katika michezo hiyo hiyo ya Paris, Kaylia Nemour wa Algeria, msichana wa miaka 17, alishinda dhahabu kwenye vyuma. Ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa Afrika. Niliruka kwenye kiti, majirani wakaja kuuliza kuna nini.

Sasa sikilizeni vizuri, na kama watoto wako karibu, wasikilize nao. Mchezo huu humfanya mtoto azoee kushikwa na mtu mzima. Mwalimu lazima amshike kiuno ili asianguke. Hapo ndipo mtu mbaya hujificha. Larry Nassar alikuwa daktari wa timu ya taifa ya Marekani. Kwa miaka mingi aliwadhulumu wasichana akidai anawatibu, na mara nyingine mama mzazi alikuwa ameketi mle chumbani, asione kwa sababu daktari alisimama katikati. Alipohukumiwa mwaka wa 2018, zaidi ya wanawake 150 walieleza mahakamani aliyowafanyia. Wengine walikuwa wamesema zamani, wakaambiwa hawakuelewa matibabu.

Kwa hiyo mama yule nilimwambia: safarini wawe watu wazima wawili au zaidi, na mmoja wao awe mwanamke. Hakuna mtoto kulala chumba kimoja na mtu mzima asiye mzazi wake. Hakuna kukandwa misuli nyuma ya mlango uliofungwa. Mtoto ajue majina ya sehemu zake za siri, na ajue kwamba siri ya mtu mzima hailindwi. Akikuletea neno, mwamini kwanza. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto hapa Kenya ni 116, na kupiga ni bure.

Begi, mama, lipangeni jana yake. Sweta, soksi, maji, ndizi, sodo hata kama hedhi haijafika, bandeji, dawa anazotumia, na karatasi yenye namba yako ya simu. Kucha zikatwe, herini zitolewe, nywele zifungwe zisiingie machoni. Alale mapema. Wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji saa tisa au zaidi, na aliye mkubwa zaidi, saa nane hadi kumi. Mkisafiri mbali, mwombe dereva asimame kila baada ya saa mbili hivi, watoto washuke wanyooshe miguu. Na mkifika, wapashe miili joto kwa dakika 15 hadi 20 kabla ya mtoto yeyote kuruka, hata ratiba ikiwa imechelewa na mtangazaji anapiga kelele.

Mama yule ananiambia watoto wake wamebaki wanane. Mmoja ana kiwiko kinachomuuma, naye amemwambia atakwenda kuwashangilia wenzake. Mtoto alilia siku mbili. Nilimwambia yule mama amnunulie filimbi.

Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya minyoo na dawa zake. Leteni maswali yenu kliniki, au mmtume mhudumu wa afya wa kijiji chenu. Kwaherini, mchana mwema.