GAMBA ZURI, MWENYEWE YUKO WAPI?

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vya Kangemi, Kawangware na Dagoretti)



Akina mama na ndugu zangu, wengi wenu mnapanda matatu kwenda mjini kuwauzia watalii mapambo. Katika biashara hiyo mmeliona gamba kubwa la kome, refu hata nusu mita, ncha huku na mdomo mpana kule, madoa ya kahawia kama manyoya ya kware. Ndilo watu wa pwani nyingi hulitoboa wakalipiga kama baragumu.

Hebu tujiulize: mwenyewe yuko wapi? Gamba lililokaa ufukoni huwa limepauka. Linalong'aa, mara nyingi mnyama ametolewa hai akachemshwa.

Kome huyu ni mwindaji. Chakula chake ni viti vya pweza, hata yule wa miiba yenye sumu anayekula matumbawe. Humfuata kwa harufu, humkamata kwa mguu, humkata ngozi kwa ulimi wenye meno, na mate yake humlegeza. Matumbawe yakiisha, samaki hukosa maficho, na mvuvi wa Watamu au Shimoni hulala njaa.

Sisemi kome pekee ndiye mlinzi. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi ya pwani yetu. Lakini kumuuza kome ni kuuza paka huku panya wamejaa ghalani. Ndiyo maana katika mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, huruhusiwi kuokota hata gamba moja.

Mtaniuliza, “Sasa tutakula nini?” Ni swali la haki, maana karo haingoji. Basi tazameni Karen, hapa jirani. Kazuri ilianza 1975 na akina mama wawili waliolea watoto peke yao, wakifinyanga shanga za udongo. Shanga hizo zimefika ng'ambo. Udongo upo, na pembe za ng'ombe zatoka machinjioni Dagoretti. Hizo hazimnyang'anyi mvuvi kitu.

Baba Mtakatifu Fransisko, aliyefika Kangemi Novemba 2015, alifundisha mwaka huohuo katika Laudato Si' kwamba kilio cha dunia na kilio cha maskini visikilizwe pamoja.

Maswali ya kikundi:
1. Bidhaa zetu zatoka wapi, na nani anaumia?
2. Mteja akitaka gamba, tutamwonyesha nini badala yake?
3. Nani kati yetu ana ufundi wa kuwafunza wengine?

Mungu awabariki.