Chakula Kwanza, Samaki Baadaye



Ndugu vijana, na nyinyi wazazi mnaosoma pamoja nao, mada yetu ni samaki klauni, yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari mitatu myeupe. Watoto wanamwita Nemo tangu ile filamu ya mwaka 2003. Wengi wenu mmetamani kumfuga sebuleni, iwe ni Kawangware, Kangemi au Lavington. Wengine mnauliza: je, naweza kumfanya azae, nikalea watoto wake? Jibu ni ndiyo. Kule Marekani, Martin Moe aliwazalisha kwa biashara mwanzoni mwa miaka ya 1970, na leo duniani wako wengi ambao hawajawahi kuiona bahari. Lakini sikilizeni neno moja kabla hamjatoa pesa mfukoni: anza na chakula, samaki baadaye. Anayeanza na samaki huishia kuzika watoto mia kwa siku tatu.

Kwanza tumjue huyu kiumbe. Huyo wa filamu hayuko katika pwani yetu. Wa kwetu ni wengine: mmoja ana mstari mweupe mgongoni, mwingine ni mweusi-kahawia mwenye mikanda myeupe. Wote huishi ndani ya anemoni, mnyama wa baharini mwenye mikono inayowasha, na hawaendi mbali nayo. Kwa miaka mingi wapiga mbizi wa pwani wamekuwa wakiwakamata samaki wa mapambo na kuwapeleka ng'ambo kwa ndege wakiwa hai. Ndani ya hifadhi za bahari kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, hilo haliruhusiwi. Sasa fikiria: ukimtoa samaki anayeishi mahali pamoja maisha yake yote, umebomoa nyumba. Kwa hiyo ukinunua, muulize muuzaji: huyu amezaliwa tangini au ametolewa mwambani? Chukua wa tangini. Ana afya zaidi, amezoea chakula cha dukani, na mwamba unabaki na wake.

Usihangaike kutafuta dume na jike. Samaki klauni wote huanza wakiwa madume. Katika kundi, aliye mkubwa kuliko wote ndiye anayegeuka kuwa jike, na anayemfuata ndiye mume. Jike akifa, mume hugeuka jike. Basi nunua wawili wadogo, mmoja akimzidi mwenzake kidogo, uwaweke pamoja. Kisha subiri. Mwaka mmoja au miwili si ajabu. Anemoni si lazima. Mayai watataga hata kwenye kigae au chungu cha udongo.

Maji nayo. Nairobi tuko mbali na bahari, kwa hivyo maji ya bahari tunayatengeneza wenyewe. Chumvi ya jikoni haifai, kwani haina madini mengine ambayo samaki wa bahari anayahitaji. Tumia chumvi maalum ya akwariamu, kama gramu 35 kwa kila lita. Maji ya mfereji yana klorini, na klorini inaua. Itoe kwanza kwa dawa yake. Tangi likishajaa, lipe wiki nne hadi sita ili bakteria wazuri wakue, wale wanaoondoa sumu ya kinyesi. Joto liwe nyuzi 26 hadi 28. Jamani, mnaijua baridi ya Julai hapa kwetu! Hita ni lazima. Na stima ikipotea, lifunike tangi kwa blanketi, uwe na pampu ya hewa ya betri karibu.

Sasa tumefika kwenye kiini. Mtoto wa samaki klauni akitoka yaini ni mdogo kama kipande cha uzi, na akiba ya chakula aliyozaliwa nayo haimfikishi mbali. Unga wa dukani hautambui kama chakula. Anataka kitu kinachotembea na kinachoingia kinywani mwake. Kitu hicho ni rotifa, mdudu wa majini mdogo kuliko ncha ya sindano. Rotifa naye anakula mwani wa kijani, ule mdogo unaogeuza maji rangi. Kwa hivyo kuna ngazi tatu: mwani, rotifa, samaki. Ukiruka moja, umeanguka.

Wafuge rotifa kwenye ndoo ya lita 20, maji ya chumvi, mpira wa hewa ukibubujisha polepole, na mwani kila siku. Vuna kama robo ya maji kila siku, ujaze mengine. Weka ndoo mbili, si moja, kwa sababu ndoo moja huweza kufa usiku bila taarifa. Ukiweza kuziweka hai mwezi mzima bila kukosa siku, hapo uko tayari kwa mayai. Ukishindwa na ndoo, utawaweza samaki?

Mayai huwa mamia, ya rangi ya chungwa. Baba ndiye anayelinda: anayapepea kwa mapezi, anayatoa yaliyooza. Baada ya siku 6 hadi 10, kutegemea joto, utaona macho yanameta kama fedha. Usiku huo huenda wakatoka. Hutoka gizani, kama saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa. Hapa mfungaji ana nafasi yake: ukitoka tarawehe, ndipo uzime taa ya tangi, chumba kiwe giza kabisa. Baadaye washa tochi upande mmoja. Watoto huja kwenye mwanga. Wateke kwa bakuli, usitumie wavu, uwahamishie tangi dogo lenye maji yale yale. Ukiamka kula daku, wachungulie na wao.

Wape rotifa tangu siku ya kwanza, maji yakiwa na kijani kidogo, na taa iwake mchana, maana huwinda kwa macho. Kuanzia siku ya tano hadi ya nane hivi, changanya na watoto wa artemia. Mayai ya artemia huuzwa yakiwa makavu, na kwenye maji ya chumvi yenye joto hutotolewa kwa saa 24. Karibu na siku ya kumi hadi kumi na tano mistari myeupe huanza kujitokeza. Hapo, kijana wangu, pumua. Waliofika hapo wengi wataishi.

Hutawaokoa wote. Lakini kuna tofauti kati ya kifo kilichokuja na kifo ulichokiandaa kwa haraka yako. Kiumbe uliyemfungia ndani ya vioo hawezi kwenda kujitafutia riziki. Riziki yake imepitishwa mkononi mwako, na hiyo ni amana. Jozi hiyo itataga tena baada ya wiki mbili au tatu, kwa hivyo hakuna cha kukimbilia. Ukiwa na hamu leo, acha duka la samaki kwanza. Tafuta ndoo mbili.

Wabillahi tawfiq.