Fundi Afundishwe Mihimili Mitano



Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kuchonga chuma iliyoongozwa na utepe wenye matundu. Mihimili yake ilikuwa mitatu. Leo ipo ya mitano, maana meza au kichwa nacho huzunguka.

Hapo ndipo penye ugumu. Meza ikizunguka, kipande kilichofungwa juu yake huhama, na programu isiyolihesabu jambo hilo hukipeleka kisu pasipo pake, kikavunjika. Fundi aliyezoea mlio wa chuma huitambua hatari hiyo upesi kuliko mwenye cheti kitupu. Basi apewe hesabu za pembe ndani ya saa za kazi, si usiku akiwa amechoka. Aanze kwa kuzungusha meza, kuikaza, ndipo achonge. Kuendesha mihimili yote mitano kwa pamoja kutafuata.