Takwa Kwanza, Pate Baadaye

Msikilizaji uliye Garissa, Masalani au Hulugho, wewe mashua umeshazizoea. Sasa wataka kumpeleka Lamu mwenzako ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mto Tana. Usianze na kisiwa cha Pate. Chagua Takwa, magofu ya kale kisiwani Manda: safari ni fupi, na mikoko hupunguza mawimbi.

Ila mkono wa bahari unaofika Takwa hukauka maji yakipwa. Muulize nahodha saa za maji kabla hujauliza bei. Mkichelewa kutoka huko, mashua itakaa topeni mpaka maji yajae tena, na mgeni wa bahari hatacheka. Juni na Julai kusi huwa kali, afadhali msubiri.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe kabla ya kupanda. Aprili 2024, hapo Kona Punda, Madogo, boti iliyokuwa ikivusha watu kwenye mafuriko ya Tana ilipinduka. 23 waliokolewa, wengine wakafariki. Na pale hapakuwa baharini.

Mwonyeshe mwenzako pa kukaa, na ainamishe kichwa foromali ya tanga inapogeuzwa. Mpe kazi, hata ya kuchota maji yaliyoingia, kwani mikono mitupu huzidisha hofu. Moyo ukimchafuka, atazame mbali ufukoni, si kwenye simu. Akisema turudi, mrudi bila ubishi, na nahodha alipwe safari nzima.