FEDHA YA MSAADA NA ZIZI LA MFUGAJI MDOGO

Leo tunataka kuzungumza juu ya fedha. Siyo fedha ya kuuza pamba wala korosho, bali fedha ya msaada, ile ambayo kaya maskini inapewa moja kwa moja, iamue yenyewe itumike vipi. Je, fedha hiyo inaweza kubadili maisha ya mfugaji mdogo? Au inakuja na kupita kama mvua ya manyunyu isiyofika kwenye mizizi?

Kwanza tuangalie shida yenyewe. Chukua mfugaji wa Chamwino, katika Mkoa wa Dodoma. Kule mvua ni ya msimu mmoja, na ni chache. Mavuno yanaingia kuanzia mwezi wa 5 au wa 6. Ikifika mwezi wa 1 na wa 2 ghala limekwisha, mahindi mapya bado yako shambani, na debe la nafaka limepanda bei. Mfugaji huyu ana mbuzi majike 2. Atafanyaje? Atampeleka mmoja mnadani. Lakini siku hiyo jirani zake nao wamepeleka wa kwao kwa sababu ile ile ya njaa. Mbuzi ni wengi na wanunuzi ni wachache. Basi mbuzi anauzwa kwa bei ya kutupa, na nafaka inanunuliwa kwa bei ya kuruka.

Hebu tupige hesabu. Mbuzi jike hubeba mimba kwa muda wa siku 150 hivi, yaani miezi 5. Akitunzwa vizuri anaweza kuzaa mara 3 katika miaka 2. Kwa hiyo aliyemuuza jike kwa njaa ya mwezi mmoja hakuuza mbuzi mmoja. Ameuza na watoto 3 ambao wangezaliwa, na maziwa yao, na samadi yao. Mwaka unaofuata njaa itamkuta na jike 1 tu. Huo ndio mteremko wa umaskini, ndugu zangu. Si uvivu, wala si ujinga. Ni kukosa fedha kidogo katika mwezi ule ule inapotakiwa.

Sasa tuone yaliyotokea. Mwaka 2010 Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, ambao wengi tunauita TASAF, ulianza majaribio ya kutoa fedha kwa kaya maskini katika wilaya 3: Bagamoyo, Kibaha na Chamwino. Vijiji 80 viliingizwa katika majaribio. Vijiji 40 vilianza kupata fedha, na vingine 40 vikangoja ili ionekane tofauti iko wapi. Wanakijiji wenyewe walishiriki kuzitaja kaya zenye shida zaidi. Malipo yalikuwa kila baada ya miezi 2, na kaya ilipata kati ya dola 12 na dola 36 za Kimarekani, kwa hesabu ya watoto na wazee waliomo, zikilipwa kwa shilingi zetu. Masharti yalikuwapo: watoto waende shule, na wadogo wapelekwe kliniki.

Watu walinong'ona, kama kawaida yetu: "Haya, fedha hizo zitaishia kilabuni!" Kumbe sivyo. Taarifa ya wataalam ilitolewa mwaka 2014. Ilionyesha kuwa kaya zilizopata fedha zilijiunga zaidi na bima ya afya ya jamii. Watoto wao walikuwa na viatu zaidi. Na jambo linalotuhusu sisi wafugaji: kaya hizo ziliongeza mifugo midogo, yaani mbuzi na kuku wa kienyeji. Hakuna aliyewagawia mbuzi. Walipewa shilingi, nao wakachagua wenyewe kuziweka penye miguu minne na penye mabawa. Kutokana na majaribio hayo, mpango ulipanuliwa nchini katika awamu ya tatu ya TASAF iliyoanza mwaka 2012.

Kwa nini fedha ilifanya kazi hiyo? Kwanza, ilizuia kuuza kwa kulazimika. Mwenye shilingi za debe moja la mahindi mwezi wa 2 anaweza kumwacha jike wake zizini mpaka azae. Pili, ilikuja kwa vipindi vinavyojulikana, kwa hiyo mtu aliweza kupanga. Tatu, kila kaya ina shida yake. Mmoja anahitaji dawa ya minyoo, mwingine ada ya mnada au bati la banda. Ukimpa kila mtu mbuzi, huenda umempa na yule mjane asiye na wa kumchungia.

Lakini tusidanganyane. Fedha hii ni ndogo. Haitajenga nyumba, wala haitakulisha mwaka mzima. Tena siku moja itakoma. Kwa hiyo swali kubwa ni hili: siku itakapokoma, itakuacha na nini? Kama kaya yako inapokea fedha ya namna hii, tunakushauri yafuatayo.

Moja, chakula cha watoto kitangulie. Mtu asikudanganye ulaze watoto na njaa eti unanunua mbuzi. Kinachobaki, hata kiwe kidogo, ndicho mtaji.

Mbili, anza na kuku. Tetea huatamia siku 21 tu, na jike wa mbuzi anahitaji miezi 5. Lakini kuku bila chanjo ni sawa na kuweka fedha kwenye mfuko uliotoboka. Ugonjwa wa mdondo, ambao wengine huuita kideri, unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Chanjo ya matone ya jicho ipo, na hurudiwa kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wengi, kwa hiyo changeni na majirani, mchanje wote siku moja. Chanja kuku wazima. Aliyekwisha kuugua chanjo haimponyi.

Tatu, ukinunua mbuzi usinunue siku ile ile ya malipo. Walanguzi wanaijua siku hiyo kama unavyoijua wewe, na bei hupanda. Ngoja wiki moja au mbili. Chagua jike kijana, mwenye meno mazima na chuchu 2 zisizo na uvimbe. Funua kope la chini: likiwa jekundu ni vizuri, likiwa jeupe huenda ana minyoo. Ukimfikisha nyumbani, mtenge na wenzake kwa wiki 3 kwanza, maana sotoka ya mbuzi na homa ya mapafu huingia zizini kwa mlango huo.

Nne, weka akiba ya dawa na ya njaa. Mfugo mmoja aliyetibiwa ni bora kuliko wawili waliokufa. Mwone Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wako mapema, usingoje mnyama alale chini.

Tano, baba na mama kaeni pamoja kabla ya fedha kufika. Mara nyingi anayepokea ni mama, na anayeuza mbuzi ni baba. Kama hamkusemezana, mkono mmoja utajaza na mwingine utamwaga. Na kama fedha inapitia kwenye simu, namba ya siri ibaki siri. Hata kijana anayekusaidia kubonyeza asiijue.

Nawe ambaye hupokei fedha hii, usifikiri mazungumzo haya hayakuhusu. Somo ni lile lile. Uza mifugo yako mwezi wa 6 au wa 7, wakati imenona na nafaka ni rahisi. Uza madume, bakiza majike. Nunua gunia lako la akiba mapema. Hapo utakuwa umejipa mwenyewe ile fedha ambayo jirani yako alisaidiwa kupewa.

Ndugu mfugaji, jike anayebaki zizini mwezi wa njaa ndiye zizi la mwaka ujao. Fedha ya msaada kazi yake ni kumlinda huyo. Iliyobaki ni kazi yako na ya kaya yako.