Nafasi Tupu Nayo Husomwa



Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili walipishanishwa. Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwenzake alikuwa na uvimbe kichwani. Wa goti akapasuliwa kichwa, wa kichwa akapasuliwa goti. Yule wa kichwa baadaye alifariki dunia. Wote wawili walikuwa na jina la kwanza moja.

Sisi wa Mtwara jambo hilo tulipime kwenye benchi la zahanati yoyote, kuanzia Mikindani hadi Msimbati. Muuguzi akiita "Fatuma Hamisi!" wanaweza kuinuka watatu. Na huyo mmoja anayetakiwa, kadi ya kliniki inasema Fatuma Hamisi, kitambulisho cha taifa kinasema Fatma Khamis, na mtaani hajulikani ila kwa jina la mwanawe wa kwanza. Akiulizwa umri anajibu, "Andika hamsini tu." Mapokezi wanaandika hamsini. Mwakani, hamsini ile ile.

Lakini kosa lililoandikwa lina nafuu: linaonekana, na mwenye macho anaweza kulipinga. Hatari zaidi ni lile lisiloandikwa. Chukua mtu aliyevuka Ruvuma pale Kilambo kwenda kwa ndugu zake Msumbiji. Huko akachomwa sindano ya penisilini, mwili ukavimba, pumzi ikambana. Cheti kikaandikwa Kireno, kikabaki huko huko. Amerudi, kaugua tena, kafikishwa hospitali ya Ligula usiku hajitambui. Daktari wa zamu anafungua faili. Penye mzio wa dawa pako patupu. Kwa haraka ya usiku, patupu pale anapasoma "hana". Kumbe hakuna aliyewahi kumuuliza.

Njia ya kuziba pengo hili ilishajaribiwa hapa hapa nchini. Mwaka 2007 na 2008, Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara, ilikuwa miongoni mwa hospitali 8 duniani zilizojaribu orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani. Karatasi moja, vipengele 19: huyu ni nani, anapasuliwa wapi, ana mzio? Swali linaulizwa kwa sauti, linajibiwa kwa sauti, timu nzima inasikia. Katika hospitali hizo 8 kwa pamoja, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Sasa madaftari yetu yanahamia kwenye kompyuta, kwenye mifumo kama GoTHOMIS. Wapo wanaosema kompyuta itatumalizia tatizo: igome kuendelea mpaka nafasi ya mzio ijazwe. Mimi nasita. Mhudumu mwenye foleni iliyofika getini atabonyeza "hana" ili apite, na hapo uongo utakuwa umegongewa muhuri. Maoni yangu ni kwamba nafasi hiyo iwe na majibu matatu: anao, hana, haijulikani. Hilo la tatu si aibu ya mtu. Ndilo linalomwambia daktari wa kesho aulize kwanza.

Nasi wagonjwa tuna sehemu yetu. Kabla hujaondoka, omba usomewe kilichoandikwa. Taja majina yako matatu, mwaka uliozaliwa, na dawa inayokukataa. Ukikuta kosa, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakupa haki ya kuomba lirekebishwe. Omba kwa adabu, lakini omba. Na anayeombwa asikunje uso.

Waganga wakuu wa wilaya zetu, hili halisubiri bajeti kubwa. Chongesheni muhuri wa majibu hayo matatu, kila zahanati wake, na ugongwe kwenye ukurasa wa kwanza wa kila daftari la mgonjwa kabla hajamwona daktari.